Mbeba Tanzia wa Lideta

Gezahegn Wubshet hakuweza kumtembelea mtu asubuhi. Hakukatazwa na yeyote. Ni miguu yake tu ilikuwa na sifa mbaya. Watu wa Lideta wakimwona anakuja kabla jua halijapanda, roho ziliwaruka, na bibi vizee walianza kupiga ishara ya msalaba hata hajasalimia. Siku moja alihitaji ngazi ya jirani, akaanza kupaza sauti tangu kona ya mtaa kwamba amefuata ngazi tu na watu wote ni wazima. Haikusaidia. Alipofika uani alimkuta mke wa jirani ameshakaa chini, shuka kichwani, analia, na ilichukua kazi kumnyanyua. Tangu siku hiyo, akiwa na haja ya ngazi, alisubiri alasiri.

Riziki yake aliipata kwa kuziba pancha, kwenye kibanda cha mabati kando ya barabara ya malori. Lakini jina alilipata kwa kazi isiyo na malipo: alikuwa mdomo wa chama cha kuzikana cha Lideta. Mtu akifa mbali, mfiwa hapigiwi simu, wala hasimamishwi njiani akaambiwa. Hufuatwa nyumbani kwake alfajiri, hajanawa uso, hajawasha moto, na wanaomfuata ni watu wake. Mpaka saa hiyo ifike, mtaa mzima unaweza kujua isipokuwa yeye, na watu watamsalimia na kumtania kama walivyomtania jana. Kuna wanaouita huo unafiki, hasa vijana wenye simu mpya. Hao wasubiri siku yao, ndipo waje tuzungumze.

Utaratibu ulikuwa mmoja. Akina mama wawili wanakaa kulia na kushoto kwa mfiwa, wa tatu anaondoa kisu na birika, asije akajidhuru. Kasisi anasema maneno ya Mungu. Kisha watu wananyamaza, na Gezahegn anataja jina. Jina tu, basi. Mara yake ya kwanza kabisa, akiwa kijana, alikuwa ameandaa hotuba, akaizungusha na kuizungusha mpaka mama wa watu akapiga magoti kumsihi aseme ni nani amekufa. Aibu ya siku ile ilimkaa muda mrefu, na hotuba hakurudia tena.

Mkewe Yeshimebet alipofariki, Gezahegn alikuwa hospitalini ameushika mkono wake. Hapakuwa na cha kumwambia. Hata hivyo alfajiri iliyofuata wenzake wa chama walikuja, wakakaa, kasisi akasema yake, na Bafena, mama mrefu mwenye ulimi mkali aliyekuwa akiongoza waombolezaji, akamtajia jina la mke wake. Gezahegn alilia kama ndiyo kwanza anasikia. Baadaye alisema kwamba hospitalini alikuwa ameona tu, na kuambiwa ni jambo jingine kabisa.

Kisha Lideta ikavunjwa. Nyumba za udongo zilizochangia kuta ziliangushwa ili majengo marefu yasimame, na watu wakapewa vyumba vya ghorofa kwa kura, kila mmoja pale alipoangukia: huyu kusini, huyu magharibi, na wengi mashariki kabisa nyuma ya Ayat, juu ya vilima ambako zamani kulilimwa ngano. Nyumba zilikubali kuvunjika, chama kikakataa. Watu waliendelea kukutana Jumapili kwenye uwanja wa kanisa la Maryamu, na aliyefiwa, hata angekuwa amehamia mwisho wa dunia, alifuatwa.

Treni ya umeme ilipoanza kupita juu ya mji, hakuna aliyefurahi kama Gezahegn. Lakini reli ikifika mwisho wake mtu bado hajafika kwake. Pale Ayat watu wanamwagwa stesheni, na ghorofa za kura ziko mbali, kilima baada ya kilima. Hapo ndipo mabasi yanapopokea. Yanangoja pembeni ya stesheni, kila moja na kilima chake, yanazoa watu na kwenda kuwagawa kituo kwa kituo, kama mama anavyogawa mikate ya injera kwa watoto wengi. Gezahegn aliyajua yote, akawapanga wanachama kwa mabasi yao kama watu wengine wanavyopangana kwa koo. Mtu akitajwa, yeye alisema: huyo ni wa Ayat, basi la Abado, anashuka Tangini.

Baada ya Tangini palibaki kituo kimoja tu, cha mwisho, na mtu wa Lideta aliyekwenda huko alikuwa mmoja: Tsigereda. Basi lenyewe zamani halikufika kule. Lilikuwa likigeukia kwenye tangi la maji, na waliobaki walipanda kilima kwa miguu, matope mpaka kwenye vifundo vya miguu. Tsigereda hakulalamika ofisini kwa mtu. Alikuwa akishuka na jiko lake la mkaa mpaka Tangini, anachoma kahawa pale dereva anapogeuzia, anampa kikombe cha kwanza, halafu anamwambia kikombe cha pili kiko juu nyumbani kwake. Dereva Demsash alivumilia kwa muda. Siku moja harufu ilimshinda, akapandisha basi lote na abiria wake, na tangu siku hiyo kituo cha mwisho kikawa kule juu.

Huyu Tsigereda na Gezahegn walikuwa wamechangia ukuta kwa miaka mingi Lideta. Usiku kila mmoja alimjua mwenzake kwa kikohozi. Mumewe aliondoka mapema, akamwachia mtoto mmoja, Mintesnot, na mama akamlea kwa kupika injera za kuuza. Mtoto alikulia zaidi kwenye kibanda cha pancha kuliko kwao. Gezahegn ndiye aliyemfundisha kushika jeki, na ndiye aliyemwombea kazi kwa mwenye lori alipokua. Alianza utingo, akapanda akawa dereva, safari za bandarini Djibouti na kurudi. Kila akirudi mjini alipitia kibandani kwanza, hata kabla ya kwa mama yake, na kwa hilo Tsigereda alikuwa akinuna na kuwasema wote wawili.

Ilikuwa katikati ya mfungo mkuu. Simu ilimfikia Gezahegn jioni, kutoka kwa mwenye lori. Lori lilipinduka kwenye mteremko, mbele ya Mille, na Mintesnot hakutoka hai. Mwili ulikuwa njiani, ungefika mchana wa kesho yake, na mazishi saa tisa Lideta kwenye kanisa lao. Gezahegn aliitikia, akauliza mwili unakuja na gari gani, akashukuru, akakata. Kisha akaanza kuwapigia wenzake mmoja mmoja, kwa sababu hiyo ndiyo kazi yake na muda haukuwepo. Bafena alipewa jukumu la kuhakikisha Tsigereda hatoki nyumbani.

Bafena alimpigia. "Mwenzangu, kesho alfajiri nakuja kwako. Nina hamu na kahawa yako."

"Alfajiri hivyo, Etiye? Umefukuzwa?" Tsigereda akacheka, akimwita dada kama siku zote. "Njoo. Mgeni njoo mwenyeji apone."

Bafena aliiweka simu chini akakaa na kiganja mdomoni. Wamezoea, lakini kuzoea nako kuna mpaka wake.

Gari dogo walilokodi lilikuwa liwachukue kanisani kabla ya mapambazuko. Halikuja. Dereva alikesha kwenye foleni ya dizeli, akapiga simu kusema bado yuko foleni na mbele yake kuna malori kama siafu. Watu walisimama kwenye baridi wakitazamana: akina mama kadhaa, wazee wawili watatu, na Aba Tekle, kasisi aliyekuwa baba wa kiroho wa Tsigereda tangu ujana wake.

"Tutapanda treni ya kwanza," Gezahegn alisema.

"Tanzia ndani ya treni, Gashe?" Bafena akamgeukia, akimwita kaka kwa heshima. "Tukifika kutakuwa kumekucha, watu wameshaenda sokoni."

"Tsige haendi popote. Anakungoja wewe."

"Na mtu akimpigia kabla yetu? Madereva hawana breki za mdomo."

"Ndiyo maana hatuwezi kuendelea kusimama hapa," akasema, akaanza kutembea kuelekea stesheni, na wengine wakamfuata.

Ndani ya treni walijikusanya behewa moja. Walikuwa wamejitanda mashuka yao kwa namna ya msiba, pindo la rangi likiwa juu mabegani, na juu yake wakavaa makoti ili wasiwashtue watu. Gezahegn alisimama mlangoni ingawa viti vilikuwepo. Kila kituo kilimchelewesha. Kichwani alikuwa ameshafika: anashuka Ayat, anapanda basi la kwanza, anapita Kinuni, anapita Tangini, anashuka mwisho, ngazi za ghorofa, mlango. Alijua mlango ulipo. Alichoomba kwa Mungu ni kitu kimoja tu, kwamba Tsigereda alisikie jina la mwanawe akiwa amekaa nyumbani kwake, akiwa ameshikwa na watu wake, na si barabarani kama mtu asiye na kwao.

Walipotoka stesheni ya Ayat kulikuwa kumepambazuka, watu wanamiminika kuelekea mabasi. Na pale mbele ya basi la Abado, ameshika mzigo wa majani mabichi ya kutandika sakafuni, amesimama Tsigereda.

"Etiye Bafena, huku," aliita, anatabasamu meno yote. "Nikasema nije nikupokee mwenyewe. Mara ile uliingia jengo la watu, ukanywa kahawa kwa watu usiowajua mpaka kikombe cha pili ndiyo unauliza Tsigereda yuko wapi."

Ilikuwa kweli, na kila mtu aliwahi kuicheka habari ile. Ghorofa zile zinafanana hata milango.

Hapo Tsigereda akawaona wengine. Macho yake yalipita kwenye makoti, yakashuka kwenye mapindo ya mashuka yaliyochungulia shingoni, yakaishia kwa Aba Tekle. Tabasamu likaondoka. Lakini hakuogopa, na hilo ndilo lililomuua Gezahegn akiwa wima. Hata wazo kwamba ni kwake halikumjia Tsigereda. Alikuwa ametembea katika safari kama hizi maisha yake yote, akijua kwamba mfiwa hufuatwa nyumbani. Mfiwa hakutwi stesheni ameshika majani ya kumtandikia mgeni.

Akasogea, akashusha sauti. "Jamani. Ni kwa nani?"

Akina mama wakaanza kufunga vifungo vya makoti yao.

"Ni kwa Zenebech? Mama yake?"

Zenebech alikuwa mwanachama mwenzao, akikaa Tangini, na mama yake mzee alikuwa mgonjwa wa kitandani huko kijijini. Gezahegn aliitikia kwa kichwa. Hakupanga. Kichwa kiliinama chenyewe, na ishara ile ilipokwisha kutoka, haikuwa ya kuweza kurudishwa. Bafena alimtazama kwa macho ya kuua.

"Maskini Zenebech," Tsigereda akasema. Akayaweka majani chini ya benchi ya muuza bisi, akaligeuza shuka lake pindo likaja juu, na palepale akawa mmoja wao. "Na wewe Etiye, unanidanganya kahawa. Ungesema tu. Ningekuwa nimeshaongea na jirani zake, mlango ukawa wazi. Haya twendeni, jua linatukimbia."

Akawatangulia kwenye basi. Demsash alikuwa kwenye usukani anakula kolo, shayiri ya kukaanga.

"Mama Mintesnot, umeleta ukoo mzima leo," akasema.

"Leo tuna shughuli, mwanangu. Tuendeshe vizuri."

"Na ndugu yetu yuko wapi siku hizi? Ana wiki hajanipigia."

"Yuko njiani anarudi. Ameniahidi mbuzi wa Pasaka, wa huko Afar, mnene. Nimemwambia asinunue mapema maana utamtafuna wewe kabla mfungo haujaisha."

Demsash akacheka, akawasha gari. Nyuma yao mama mmoja wa chama alivuta kamasi kwa kishindo, akajifanya anakohoa.

Tsigereda alikaa karibu na Gezahegn, dirishani. Basi lilipoanza kupanda alimwinamia, sauti ya chini, sauti ya mtu mwenye kazi ya kupanga.

"Gashe, Zenebech ana moyo mdogo. Usimtajie haraka. Wewe una tabia ya kutupa jina kama unatupa jiwe kisimani."

"Nitajitahidi."

"Mimi nitamshika kulia. Kushoto akae Etiye, ana nguvu. Mumewe ataondoka saa hizi kwenda kazini, itabidi mtu amwahi ngazini." Akafikiri kidogo. "Na watoto nitawachukua mimi, walale kwangu mpaka arubaini. Nyumba yangu ina nafasi, huyu wangu halali hapo mara nyingi."

Gezahegn alitazama mikono yake. Ilikuwa na nyufa nyeusi za mpira ambazo sabuni haikuwahi kuzitoa. Alitamani Tsigereda anyamaze, na papo hapo alitamani aendelee kuongea vile mpaka mafuta ya basi yaishe, kwa sababu sauti ile, ya mtu anayehurumia msiba wa mwingine, hakuna atakayeisikia tena kwa muda mrefu. Akamwona Aba Tekle kiti cha mbele amefumba macho, midomo inatembea.

Wakapita Kinuni. Watu wa sokoni wakashuka na vikapu vyao, wanafunzi wakapanda. Gezahegn aliwaza kumwambia kwamba kwanza waende kwake wakanawe nyuso, wakaweke makoti. Alilipanga neno hilo, akalirudia moyoni, akaona lina matundu. Tsigereda angeuliza kwa nini, na yeye hakuwa na uongo wa pili. Hata huo wa kwanza ulikuwa unamnyonga.

Basi lilifika Tangini. Mlango ukafunguka. Tsigereda alikuwa wa kwanza kusimama, akajifunga shuka vizuri, akapita katikati ya viti mpaka mlangoni, akashika bomba.

"Haya, jamani," akasema.

Hakuna aliyesimama.

Wanafunzi walishuka, wakapita pembeni yake. Mzee mmoja wa chama alikuwa akikagua kamba za viatu vyake. Bafena alikuwa amegeukia dirishani ingawa kule hakukuwa na kitu ila tangi. Tsigereda aliwatazama mmoja mmoja, kwanza kwa kukereka, kama mtu anayedhani wenzake wamesinzia, kisha taratibu zaidi. Alikuwa mkongwe wa safari hizi. Alijua nyuso hizo, maana amewahi kuivaa yake mwenyewe mara nyingi, mbele ya milango ya watu.

"Mama Mintesnot, unashuka?" Demsash aliuliza kupitia kioo.

Tsigereda alimtazama Gezahegn. "Hatushuki hapa?"

"Tunashuka mwisho, Tsige," akasema.

Alibaki ameshika bomba. Kidole kimoja kimoja kikaanza kuliachia. Gezahegn alijiandaa kuruka amdake, na Bafena tayari alikuwa ameinuka nusu, lakini Tsigereda hakuanguka wala hakupiga kelele. Alirudi kati ya viti, akishika mgongo wa kiti hiki na kile, akakaa palepale alipokuwa. Demsash alifunga mlango. Basi likaanza kupanda kilima chenyewe kile ambacho kahawa yake ndiyo iliyolipandisha.

Simu ya Tsigereda ililia kifuani. Aliitoa. Kioo kilionyesha jina la utingo aliyekuwa akisafiri na mwanawe. Ililia katika kiganja chake, mara ya kwanza, mara ya pili, na basi lote la watu wa Lideta liliacha kupumua. Kwa kidole kimoja angeweza kujua kila kitu. Angeweza kujua palepale, kati ya vikapu na mifuko ya shule, na hakuna mtu angeweza kumlaumu.

Akampa Gezahegn. Gezahegn aliibonyeza mpaka ikazima.

"Bado hatujafika," alisema, na alikuwa hana hakika anamwambia nani.

"Bado," Tsigereda aliitikia.

Kituo cha mwisho kilikuwa kimejaa watu wanaosubiri kushuka mjini. Walimsalimia wote, maana hakuna asiyemfahamu kule juu. Umeamkaje, Tsige, watu wako wazima, mwanao mzima. Naye aliwajibu kila mmoja, tunamshukuru Mungu, tunamshukuru Mungu, kwa sauti yake ileile, huku miguu ikienda. Bafena alimshika kiwiko upande mmoja, mama mwingine upande wa pili. Njia kutoka kituoni hadi jengo lake si ndefu.

Gezahegn alikuwa anaharakisha. Tsigereda akasimama.

"Gashe, polepole," alisema. "Mpaka mlangoni bado ninaye."

Wakapunguza mwendo wote. Walipanda ngazi kama watu wanaobeba kitu kinachoweza kumwagika. Kwenye mlango wake ufunguo ulikataa kuingia, akamkabidhi Bafena, naye akafungua. Ndani vikombe vilikuwa vimepangwa juu ya meza ndogo, jiko limewekwa mkaa bila kuwashwa. Mama mmoja akaliondoa birika, kisu cha mkate kikafichwa chini ya godoro. Tsigereda alikaa mwenyewe, sehemu anayokaa siku zote. Bafena kulia, mwingine kushoto. Aba Tekle akatoa msalaba wake chini ya shuka, akasema maneno yaliyopasa kusemwa, yale yale, juu ya mavumbi na juu ya Bwana anayetoa na kutwaa. Alipomaliza watu wakanyamaza, wakamgeukia Gezahegn.

Akasimama katikati ya chumba. Aliwahi kulitaja jina mbele ya watu wa kila aina, mbele ya waliozirai na waliompiga makofi, na sauti haikuwahi kumkwama. Tsigereda alimtazama bila kupepesa.

"Sema," alimwambia. "Nimekaa."

"Mintesnot," akasema Gezahegn.

Kilio cha Tsigereda kilitoka kama wote walivyojua kingetoka, kikavunja kimya cha jengo lile, kikashuka ngazi mpaka kituoni, ambako Demsash alikuwa anapakia watu wa kwenda mjini. Alizima gari. Watu waliokuwa wameshakaa kwenye viti walishuka, wakaanza kupanda kuelekea nyumba ile, wengine hawakujua hata ni kwa nani, wakijifunga mashuka yao njiani.

Juu, akina mama walikuwa wamembana Tsigereda kwa nguvu zao zote. Mwanamume akishataja jina kazi yake imekwisha. Hutoka, husimama nje na wanaume wenzake, hupanga mambo ya kaburi. Gezahegn alipiga hatua kuelekea mlangoni. Hatua ya pili ilimshinda, akakaa chini sakafuni pale alipo, mikono yake myeusi kichwani, akaanza kulia kwa sauti, akilirudia jina lilelile. Bafena alimtazama juu ya bega la Tsigereda, na ndipo alipokumbuka kwamba huyu mzee ameambiwa kwa simu. Kati yao wote hakuna aliyekwenda kwake.